Barua ya wazi: Ulizeni "kwa nini" kabla ya kufungua kabati la dawa

KWA: Wakurugenzi na mameneja wa makao ya kulelea wazee, madaktari wanaoandika dawa humo, na mamlaka zinazoyapa leseni na kuyakagua

YAH: WAKAZI WENYE DEMENSIA KUTULIZWA KWA DAWA PASIPO KUCHUNGUZWA KINACHOWASUMBUA

Waheshimiwa,

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Tunaoandika ni wauguzi, wahudumu wa zamu za mchana na usiku, na ndugu wa wakazi. Kwenu humu hamna jipya. Yamesemwa kwenye vikao vya familia, yameandikwa kwenye daftari la maoni linalokaa mapokezi, na yamefika mezani kwenu kwa barua zilizogongwa muhuri wa "Imepokelewa", kisha zikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba suala linafanyiwa kazi. Halijafanyiwa kazi. Ndiyo maana leo tunaliweka hadharani, bila kutaja jina la mtu wala la nyumba, kwa kuwa tatizo si la nyumba moja.

Hoja yetu ni hii. Mzee mwenye demensia, ugonjwa unaodhoofisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, anapopiga kelele, anapomsukuma mhudumu, anapozunguka korido usiku au kugoma kuoga, kuna kitu kinachomsumbua na maneno ya kukieleza yamemponyoka. Makao mengi hujibu kwa kidonge. Tunadai jibu la kwanza liwe uchunguzi wa maandishi, wenye jina la aliyeufanya na saa aliyoufanya, kabla daktari hajapigiwa ile simu ya "huyu anasumbua, tuandikie kitu".

Malalamiko yetu ni haya.

1. Familia hazielezwi hatari ya dawa hizi

Haloperidoli, risperidoni, olanzapini na kwetiapini ni dawa za saikosisi, yaani hali ya kuona, kusikia au kuamini yasiyokuwapo; zilitengenezwa kwa ajili ya skizofrenia na magonjwa mengine ya akili ya jamii hiyo. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza zile za kizazi kipya ziwekewe onyo zito kuliko yote, la kisanduku cheusi, baada ya kupitia majaribio 17 yaliyofanywa kwa wazee wenye demensia. Waliopewa dawa walikuwa na hatari ya kufa mara 1.6 hadi 1.7 kuliko waliopewa kidonge kitupu. Katika jaribio la kawaida la wiki 10, walikufa takriban asilimia 4.5 ya waliokuwa kwenye dawa na asilimia 2.6 ya wasiokuwa nayo, wengi kwa matatizo ya moyo au maambukizi kama nimonia. Mwaka 2008 onyo hilo likaongezwa kwa dawa za kizazi cha zamani pia, haloperidoli ikiwamo.

Uingereza nayo ilijihesabu. Ripoti ya Profesa Sube Banerjee kwa serikali, mwaka 2009, ilikadiria kwamba watu 180,000 wenye demensia walikuwa wakipewa dawa hizi kwa mwaka, na waliopata nafuu yoyote hawakuzidi 36,000. Upande wa pili wa mizani kulikuwa na vifo vya ziada 1,800 na matukio ya ziada 1,620 ya kiharusi na mengine ya mishipa ya ubongo. Kila mwaka.

Halafu kuna demensia ya miili ya Lewy. Mgonjwa wa aina hii huona watu na wanyama wasiokuwapo, kwa hiyo ndiye anayekimbiliwa kupewa dawa ya kuondoa maono. Na ndiye ambaye hata dozi ndogo inaweza kumkakamaza mwili, kumzuia kumeza na kumzimisha fahamu. Ni faili ngapi katika makao yenu zinaonyesha aina ya demensia, na si neno "demensia" peke yake?

Hatusemi dawa zipigwe marufuku. Mtu akiwa karibu kujidhuru au kumdhuru mwenzake, au akiteswa na maono yasiyompa usingizi, dawa ina nafasi yake. Lakini hata hapo utaratibu upo. Mwongozo wa mwaka 2018 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unataka dozi ya chini kabisa inayofanya kazi, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na mgonjwa apimwe upya angalau kila wiki 6. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani, mwaka 2016, kiliandika kwamba baada ya wiki 4 za dozi ya kutosha bila nafuu, dawa ipunguzwe na kuachishwa; na hata ikileta nafuu, jaribio la kuipunguza lifanyike ndani ya miezi 4. Tunachokiona sisi ni dozi iliyoanzishwa kwa ajili ya usiku mmoja wa vurugu, ambayo mwaka wa pili bado iko kwenye karatasi ya dawa. Aliyeianzisha yuko hospitali, daktari wa makao anaona si yake kuigusa, muuguzi anagawa kama ilivyoandikwa. Kuanzisha kuna mwenyewe. Kuachisha hakuna.

2. Kinachoitwa "ukorofi" hakichunguzwi

Mkazi aliyekuwa mtulivu Jumatatu akawa mwingine kabisa Jumatano, mara nyingi hiyo si demensia kuendelea. Demensia kwa kawaida hutambaa kwa miezi na miaka. Mabadiliko ya saa au siku chache ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, na nyuma yake kwa kawaida kuna ugonjwa wa mwili: maambukizi ya kifua au ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, kibofu kilichojaa na kushindwa kutoka, dawa mpya, au choo kilichokwama siku 4 bila mtu kuhesabu. Kumpa mtu huyu dawa ya kutuliza ni sawa na kuzima kengele ya moto na kuondoka.

Maumivu ndiyo yanayopuuzwa zaidi. Magoti, nyonga, jino lililooza, kucha ya mguu iliyoingia nyamani. Ukimuuliza "unaumwa?" atasema hapana, kwa sababu swali lilimpita. Kwa ajili hiyo kuna kipimo kiitwacho PAINAD. Anatazamwa kwa dakika chache, hasa anapogeuzwa au kuinuliwa, katika mambo matano: pumzi, sauti anazotoa, uso, mwili, na kama anabembelezeka. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 2, jumla haizidi 10. Muuguzi akishazoea hatumii hata dakika 10. Kosa la kawaida ni kumpima akiwa amelala ametulia, kisha kuandika 0.

Nchini Norwei, katika nyumba 18 za wazee zenye wakazi 352 wenye demensia na fadhaa, nusu walipewa matibabu ya maumivu ya hatua kwa hatua kwa wiki 8. Wengi walipata paracetamoli tu, isiyozidi gramu 3 kwa siku. Fadhaa ilipungua kwa asilimia 17 ikilinganishwa na waliohudumiwa kama kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Tunajua paracetamoli nayo ni dawa. Inatibu goti. Haimnyamazishi mwenye goti.

Sasa karatasi yenyewe ya uchunguzi. Ina safu tatu: kilichotangulia, kilichotokea, kilichofuata. Makao mengi wanayo, na inajazwa hivi: "Jioni alikuwa mkorofi sana, akatulizwa." Sentensi hiyo haimsaidii mtu. Linganisheni na hii:

"Saa 10:40 jioni, ukumbini. Televisheni iko kwenye habari, sauti juu. Wahudumu wa mchana wanavaa makoti na kuagana mlangoni. Amesimama, amekwenda mlangoni, amevuta kitasa mara tano, amesema watoto wanatoka shule. Ameshikwa mkono kurudishwa kitini. Amepiga. Amekaa na mhudumu dirishani dakika 10, ametulia."

Zikipatikana karatasi tano za aina hii ndani ya wiki mbili, jibu linajitokeza lenyewe. Watu wanapovaa makoti, naye anajua ni saa ya kutoka. Makoti yahamishiwe chumba cha wahudumu, zamu ipokezane mbali na mlango ule, televisheni izimwe, na kuanzia saa 10:15 apewe kazi ya mikono upande wa pili wa jengo akiwa na mtu. Asishikwe mkono kwa nguvu; asindikizwe hatua chache, aulizwe habari za hao watoto, kisha warudi pamoja. Gharama yake ni kuhamisha makoti.

Na kabla hata ya karatasi: miwani imevaliwa, na ni yake? Kifaa cha kusikia kina betri? Masikio yameangaliwa nta? Tumeona droo imejaa miwani isiyojulikana ni ya nani.

3. Kuogesha kunafanywa kama kuosha chombo

Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo vipigo vingi hutokea, na ndipo neno "mkali" huingia kwenye faili na halitoki tena.

Tazameni kwa macho ya mkazi. Watu wawili asiowatambua wanamwamsha, wanamvua nguo huku wakizungumza wao kwa wao, wanamsukuma kwenye kiti chenye tundu hadi chumba cha vigae baridi, na maji yanamshukia kichwani kutoka juu. Mtu yeyote angepiga.

Utafiti uliofanywa katika nyumba 15 za wazee huko Oregon na North Carolina, kwa wakazi 73, ukachapishwa mwaka 2004, ulilinganisha njia mbili. Ya kwanza ni bafu la kawaida lililofanywa kwa kumfuata mtu, yaani kwa namna anavyotaka na anavyoweza mwenyewe: visa vya kupiga na kusukuma vilipungua kwa asilimia 53. Ya pili ni kuoga kwa taulo kitandani: asilimia 60. Ngozi haikuharibika, ilikuwa afadhali. Bafu la kumfuata mtu lilichukua dakika 3 na ushei zaidi kwa wastani. La taulo halikuongeza muda. Tunawaomba muikumbuke hiyo dakika 3 mtakapotaka kutuambia hakuna muda.

Kuoga kwa taulo kunafanyika hivi. Chumba kipashwe joto kwanza, mlango ufungwe, aliyelala afunikwe blanketi jepesi na avuliwe nguo chini yake. Kwenye mfuko safi wa plastiki wekeni taulo kubwa lililokunjwa, la urefu wa mtu mzima, na taulo dogo moja na vitambaa viwili au vitatu vya kuoshea. Mimineni lita 2 hivi za maji ya nyuzi 40 hadi 43 yaliyochanganywa na mililita 30 hadi 45 za sabuni isiyohitaji kusuuzwa. Kandeni mfuko hadi maji yaenee, kamueni yaliyozidi, fungeni mfuko ili joto lisitoke. Pimeni joto la taulo kwa ndani ya mkono wako, juu ya kifundo, kabla halijagusa mwili wa mtu. Kisha kunjueni taulo kubwa juu yake huku mkilishusha blanketi, ili asibaki uchi hata nukta moja, na msugue taratibu juu ya taulo kana kwamba mnamkanda, mkianzia miguuni na kupanda. Uso achiwe mwenyewe kitambaa aufute. Mgeuzeni ubavu, mgongo uoshwe kwa taulo dogo lenye joto, na hapo mkague ngozi ya kiunoni na visiginoni kama kuna wekundu. Sehemu za siri zina kitambaa chake, na kitambaa hicho hakirudi kwenye mfuko. Sabuni ya aina hii hukauka yenyewe. Blanketi kavu lililopashwa joto linamaliza kazi.

Huharibikia wapi? Mfuko umeachwa wazi na taulo limepoa. Taulo halikukamuliwa na godoro limelowa. Sabuni ya kawaida imetumika, ngozi ikabaki na utelezi na kuwasha. Au wahudumu wameanza na uso na nywele, mahali ambapo kila mtu hushtuka. Kwa anayependa bafu, kanuni ni zilezile: bomba la mkono badala ya la juu, taulo mabegani hata likilowa, miguu kwanza, kitu cha kushika mkononi, kiti chenye mto. Nywele zioshwe siku nyingine. Mwenye maumivu ya viungo, kama daktari ameandika paracetamoli, apewe nusu saa hadi saa moja kabla.

Akisema hapana, ni hapana kwa sasa. Rudini baada ya dakika 20 na sura nyingine. Hakuna mzee aliyekufa kwa kuoga Alhamisi badala ya Jumatano.

4. Namna wanavyosemeshwa

Marehemu Tom Kitwood, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, alitumia miaka ya 1980 na 1990 kuorodhesha mambo madogo yanayomshusha hadhi mwenye demensia bila mtendaji kuwa na nia mbaya: kumwendesha mbio kuliko anavyoweza, kumdanganya ili atii, kumsemesha kama mtoto mchanga, kumsemea kichwani kana kwamba hayupo. Bradford walitengeneza pia njia ya kuyapima: mtazamaji anakaa ukumbini hadi saa 6, akiandika kila dakika 5 mkazi anafanya nini na yuko katika hali gani. Makao yenu yakitaka kujijua, hicho ndicho kioo.

Mengine ni ya kufundishika kwa mchana mmoja, na kufuatiliwa kwa mwaka. Mwendee mtu kwa mbele, si kwa nyuma. Shuka usawa wa macho yake. Sentensi moja, jambo moja, kisha nyamaza uhesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kurudia, tena kwa maneno yaleyale. Ukibadilisha maneno umemwanzishia swali jipya. Anayesema "nataka kwenda nyumbani" asiambiwe "hapa ndiyo nyumbani kwako", wala asiambiwe basi linakuja. Mara nyingi anataka choo, au amechoka na kelele, au anamtaka mtu fulani. "Nyumbani kuna nani?" ni mwanzo mzuri zaidi.

Kuhusu kiasi, tunawaletea namba. Utafiti wa WHELD, uliochapishwa mwaka 2018 kutoka nyumba 69 za wazee Uingereza, uliandaa wahudumu wasiopungua wawili kwa kila nyumba, ukawaunganisha wakazi na mazungumzo na shughuli wanazozipenda kwa dakika 60 kwa wiki. Baada ya miezi 9 hali ya maisha ya wakazi ilikuwa bora, fadhaa imepungua, na gharama kwa jumla ilikuwa chini kuliko huduma ya kawaida. Faida yenyewe haikuwa ya miujiza. Lakini ni saa moja, waheshimiwa. Kwa wiki.

5. Siku nzima hakuna la kufanya

Viti kwenye duara, televisheni, na mtu wa shughuli anayekuja Jumanne na Ijumaa kuwarushia mpira watu 20 ambao 12 wamelala. Kisha tunashangaa kwa nini kuna anayefungua droo za wenzake.

Kila mkazi awe na ukurasa mmoja, unaobandikwa ndani ya mlango wa kabati lake: jina analopenda kuitwa, kazi aliyoifanya, saa aliyozoea kuamka, nyimbo zake, asichokipenda, kinachomtuliza. Ukurasa mmoja. Yale mafaili ya kurasa 30 hakuna wa zamu ya usiku anayeyafungua. Muziki uwe ule aliousikiliza alipokuwa kijana, upigwe kama nusu saa kabla ya saa anayoanza kufadhaika, si baada ya moto kuwaka, na uzimwe akikunja uso. Redio inayopiga kutwa nzima kwa ajili ya wahudumu haihesabiwi kuwa tiba. Na kazi iwe kazi ya kweli: kukunja taulo, kupanga vijiko, kumwagilia maua, kusugua kipande cha mbao kwa msasa kwa aliyekuwa seremala. Asichanganyiwe upya taulo alizokunja mbele ya macho yake. Tumeliona hilo likifanyika.

6. Jengo linawachanganya

Kwa ufupi, kwa kuwa haya ni ya fundi. Sakafu inayong'aa huonekana kama maji, na zulia jeusi mlangoni huonekana kama shimo. Mzee anayekataa kuvuka si mbishi. Choo kionekane kutoka kitandani, kiti chake kiwe na rangi tofauti na sakafu na ukuta, mlango uwe na picha chini kidogo, usawa wa macho ya mtu aliyeinama. Usiku tumieni taa ndogo ya chini. Kukagua pampasi kila baada ya saa 2 kwa taa ya dari ni kumnyima mtu usingizi, halafu kesho tumwandikie dawa ya usingizi. Sahani za rangi iliyokolea nazo zinasaidia anayeshindwa kuona chakula cheupe kwenye sahani nyeupe: jaribio moja la Boston, la mwaka 2004, lilikuta wanaume wenye Alzheimer (aina mojawapo ya demensia) iliyokomaa wakila zaidi kwa takriban asilimia 25 na kunywa zaidi kwa asilimia 84 walipopewa vyombo vyekundu. Walikuwa watu 9 tu, kwa hiyo tusilifanye sheria. Ila sahani si ghali kuijaribu.

7. Namba zinazopelekwa kwa wakaguzi

Hili tunalielekeza kwa mamlaka. Kuhesabu dawa kunasaidia: Marekani, mwishoni mwa 2011, asilimia 23.9 ya wakazi wa muda mrefu walikuwa kwenye dawa za saikosisi, na baada ya kampeni ya kitaifa iliyoanza 2012 kiwango kilishuka sana. Lakini wenye skizofrenia hawahesabiwi katika kipimo hicho, na ghafla ikaonekana wazee wengi "wamepata" skizofrenia uzeeni, ugonjwa ambao kwa kawaida huanza ujanani. Mwaka 2023 serikali yao ilitangaza ukaguzi wa hizo rekodi. Mkipima, pimeni na mwanya wake. Pimeni pia dawa zinazokimbiliwa badala yake, maana kidonge cha saikosisi kikiondoka na cha kifafa au cha usingizi kikaingia kwa kazi ileile, hamjabadilisha kitu.

Majibu tunayoyatarajia

"Hatuna watu." Ni kweli, na wanaosaini barua hii ndio wanaozibeba hizo zamu pungufu. Lakini hesabuni pia muda wa kuogesha kwa kupigana, wa kujaza ripoti ya majeraha, wa kumpeleka hospitali aliyeanguka kwa sababu dawa ilimlegeza miguu, wa kumlisha anayesinzia mezani. Muda huo mnao tayari, mnautumia vibaya.

"Familia ndizo zinazoomba dawa." Baadhi, ndiyo. Zinaomba kwa sababu zimeambiwa ama dawa ama mtafute nyumba nyingine, na hakuna aliyewasomea kile kisanduku cheusi.

"Wahudumu wameshapewa mafunzo." Semina ya siku moja yenye cheti haibadilishi zamu. Katika nyumba 12 za London, Newcastle na Oxford, mafunzo na usimamizi viliendelea miezi 10. Mwisho wa mwaka asilimia 23.0 ya wakazi walikuwa kwenye dawa hizi, dhidi ya 42.1 katika nyumba za kulinganishia, na vurugu hazikuongezeka. Matokeo hayo ni ya mwaka 2006. Yana umri wa kutosha kuwa yamewafikia.

"Tukiziachisha wataharibika." Wengine dalili zitarudi, ndiyo maana dawa hupunguzwa polepole, mmoja mmoja, na mkazi akatazamwa angalau kila mwezi wakati wa kupunguza na miezi 4 baada ya kuacha. Asiachishwe mtu ghafla kwa kuwa barua hii imesambaa. Hilo tunalisema kwa msisitizo, kwa sababu tunawajua.

Tunachoomba

(a) Kuanzia sasa, dawa yoyote ya saikosisi kwa mkazi mwenye demensia isianzishwe bila karatasi ya uchunguzi iliyojazwa: maumivu kwa PAINAD, choo, mkojo, maji, joto la mwili, dawa mpya, masikio na macho, pamoja na maelezo ya matukio yasiyopungua matatu. Hatari ya papo hapo pekee ndiyo ipewe msamaha, na karatasi ijazwe ndani ya saa 72.

(b) Kila dawa iandikwe tarehe ya kupimwa upya, isiyozidi wiki 6, na jina la daktari mwenye jukumu la kuipunguza. Isiyo na tarehe irudishwe kwa daktari.

(c) Familia au msimamizi wa mkazi aelezwe hatari kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa, kabla ya dozi ya kwanza.

(d) Ndani ya siku 90, wahudumu wawili kwa kila sakafu wafundishwe kuoga kwa taulo na bafu la kumfuata mtu, na kila mkazi apangiwe wahudumu walewale kwa kadiri inavyowezekana badala ya kuzungushwa kila wiki.

(e) Saa moja ya mazungumzo au shughuli binafsi kwa kila mkazi kwa wiki iingizwe kwenye ratiba ya zamu kama inavyoingizwa kugawa dawa, na ikikosekana iandikwe kwa nini.

(f) Mamlaka zitangaze kila robo mwaka, kwa kila makao, idadi ya wakazi wenye demensia walio kwenye dawa za saikosisi, za usingizi, na za kifafa ilhali hawana kifafa, na idadi ya utambuzi mpya wa skizofrenia kwa waliovuka miaka 65.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30, yanayojibu kipengele kwa kipengele. "Suala linafanyiwa kazi" tumeshalipokea.

Ni sisi,

Wauguzi, wahudumu na ndugu wa wakazi

Nakala: Ubao wa matangazo wa kila makao, karibu na daftari la maoni.